Goli Moja la Kanduyi ni Pesa Ngapi?

Tarehe 10 Agosti 2025 nilikuwa kwa kibanda kimoja karibu na steji ya Kanduyi, watu tumejaa hadi nje, tunaangalia Kenya na Morocco kwa CHAN. Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko, tukalambwa kadi nyekundu, tukang'ang'ana na watu kumi mpaka mwisho. Moja bila. Filimbi ilipolia wasee walishangilia kama dakika mbili hivi, halafu wakaanza kupiga hesabu. Si mnakumbuka Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji milioni moja kwa kila mechi watakayoshinda na nusu milioni kwa sare? Congo tulikuwa tumewapiga, Angola tukatoka sare. "Huyo kijana sasa ako na mbili na nusu," mtu akasema. "Kwa siku nane!"

Kando yangu alikuwa jamaa wa boda ambaye pia ni straika wa timu moja ya huku magharibi. Si ligi kuu, ni zile za chini. Sitamtaja jina wala timu, tumuite Tisa kwa sababu ndiyo jezi yake. Wakati huo timu yake ilikuwa haijamlipa miezi mitano. Akauliza tu, bila hasira: "Hiyo milioni ni ya goli ama ni ya kura?"

Tulicheka sana. Lakini mimi ni yule mtu, swali likiingia kichwani siliachi. Nikaanza kusoma, na pahali nilianzia mtashangaa: besiboli. Ndiyo, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira na rungu. Sijawahi kuuangalia hadi mwisho, unanilaza. Lakini hakuna watu duniani wamehesabu thamani ya mchezaji kama wao.

Mwaka 1974 mwanauchumi anaitwa Gerald Scully aliandika utafiti akiuliza hilo swali la Tisa, ila kwa lugha ya wasomi. Hesabu yake ukiitoa suti ni rahisi: mchezaji huyu anaongezea timu ushindi kiasi gani, na kila ushindi unaleta pesa ngapi, za kiingilio na za kuonyeshwa kwa TV na redio. Zidisha. Hiyo ndiyo thamani yake. Sasa angalia payslip. Scully akakuta wachezaji wazuri walikuwa wanapewa chini ya robo ya kile wanaleta. Zingine zinabaki kwa mwenye timu.

Sababu? Kulikuwa na kifungu kwa mkataba kinachosema hata muda wako ukiisha, timu bado inakushikilia. Huwezi kwenda kwa jirani hata kama jirani anakulilia. Curt Flood wa St. Louis Cardinals aliuzwa Philadelphia mwaka 1969 bila kuulizwa. Alikuwa analipwa dola 90,000 kwa mwaka, pesa kubwa wakati huo, na bado akakataa. Mkesha wa Krismasi akamwandikia barua mkubwa wa ligi, akisema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Akaenda mahakamani hadi Mahakama ya Juu na mwaka 1972 akashindwa. Maisha yake ya uwanjani yakaisha hivyo. Lakini mwishoni mwa 1975 msuluhishi akaamua kesi ya wachezaji wengine wawili, akasema mkataba ukiisha umeisha, mtu yuko huru. Mwaka huo wastani wa mshahara ulikuwa kama dola 45,000. Kufika 1980 ulikuwa kama 144,000. Hakuna mtu aliyejifunza kupiga rungu mara tatu zaidi kwa hiyo miaka mitano. Wachezaji walikuwa wale wale, ila sasa mlango ulikuwa wazi.

Kama umewahi kucheza mpira huku kwetu, najua umeshafikiria kitu kimoja. Barua ya kuachiliwa. Ile karatasi timu yako ya zamani inakataa kukupa mpaka mtu alipe. Wengi wetu tunamjua kijana alikaa nje msimu mzima kwa sababu ya karatasi.

Sasa nikajaribu hesabu ya Scully kwa Tisa. Nilienda mechi yao ya nyumbani nikahesabu watu kwa kidole: 143, ukitoa wale wa juu ya ukuta na mmoja alikuwa juu ya mwembe. Kiingilio ni 50 bob. Hiyo ni 7,150 ikiwa wote walilipa, na hawakulipa wote, mimi mwenyewe niliingia na mkoba wa mipira nikijifanya mtu wa timu. Hapo toa marefa, toa ambulensi, toa chai. Tisa alifunga mbili siku hiyo, wakashinda mbili moja. Ukifuata fomula, thamani ya yale magoli mawili ni sifuri. Labda chini ya sifuri.

Nilikaa na hiyo sifuri siku kadhaa kwa sababu ilinikasirisha. Kama goli halina bei, mbona timu zipo? Nani amekuwa akilipa mpira wa Kenya miaka hii yote, na alikuwa ananunua nini?

Anza na Joe Kadenge. Hata kama umezaliwa 2005 umesikia "Kadenge na mpira", ile sauti ya Mambo Mbotela. Mzee alizaliwa 1935, akawa nyota wa Kenya miaka ambayo hakukuwa na mshahara wa mpira wa kuongelea. Uwanja ulijaa kwa sababu yake, redio zikauzwa kwa sababu yake, na baadaye aliendesha teksi Nairobi. Alifariki Julai 2019, na hapo ndipo kila mwanasiasa alikumbuka alivyompenda.

Halafu zikaja timu za kampuni, na hii sehemu naipenda kwa sababu ni historia yetu watu wa huku. Mumias Sugar ilichukua kombe la taifa 1996 na 1999. Pan Paper ya Webuye ilicheza ligi kuu. Breweries ndiyo leo Tusker. Oserian, shamba la maua Naivasha, wakabeba ligi 2001 na 2002. Na sisi tukawa na Nzoia Sugar, uwanja wa Sudi. Mfumo ulikuwa hivi: kampuni inakuajiri, jina lako liko kwa rejista ya karani au ya fundi, asubuhi unaripoti, mchana unaenda mazoezi. Hukulipwa goli. Ulilipwa kazi. Ukifunga ishirini ama ukifunga mbili, mwisho wa mwezi ni ile ile. Lakini nyumba ipo, na ukivunjika mguu bado una kazi. Wazee wa Bungoma ukiwauliza hawasemi walikuwa matajiri, wanasema mpira "uliniandikisha". Yaani mpira ndio ulimpatia kazi.

Tatizo la huo mfumo ni kwamba mguu wako umefungwa kwa bei ya kitu kingine kabisa. Pan Paper ilifungwa 2009, na haikuwa kwa sababu straika alikosa penalti. Mumias tunajua ilivyoenda. Nzoia, kiwanda kikayumba, wafanyakazi wakadai mishahara, na timu ikashuka ligi kuu 2024. Mwaka huo huo Madaraka Dei ya kitaifa ilifanyiwa hapa kwetu, uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi. Uwanja tukapata, timu ikaondoka. Mnisamehe, hiyo bado inaniuma.

Sitakaa sana kwa enzi ya kubeti kwa sababu mnaikumbuka wenyewe. SportPesa wakaingia, ligi ikapata pesa, Gor na Ingwe wakapata jezi safi. 2018 wakatoka wakilalamikia kodi, wakarudi, 2019 wakatoka tena wakati wa vita vya leseni. BetKing wakaja 2020 na mkataba wa shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano, 2021 hawako. Angalia vizuri: hakuna siku kati ya hizo ambayo wachezaji walikuwa wamecheza vibaya. Mshahara ulipotea kwa sababu ya kodi, leseni na ugomvi wa ofisi. Na si Kenya pekee, mwaka 2016 chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, kiliuliza karibu wachezaji 14,000, na asilimia 41 wakasema walikuwa wamecheleweshewa mshahara ndani ya miaka miwili.

Kwa hivyo sasa hivi ukiniuliza nani bingwa wa 2025, nitakwambia Kenya Police, na ukiangalia nani yuko karibu nao utaona benki, bandari, posta, jeshi. Mfumo wa kampuni haukufa, ulivaa sare tu. Ulinzi wamebeba ligi mara nne, na straika wao akistaafu mpira bado ni mwanajeshi. Mtu akiniambia hiyo ni mpira wa ridhaa nitamwambia kijana wa Kimilili hajali unaitwa nini.

Lakini mguu wa Mkenya una bei, na tunajua kwa sababu umeshauzwa. Noah Wanyama alichezea AFC Leopards. Mwanawe, McDonald Mariga, alikuwa na Inter mwaka wa 2010 Inter ilipobeba Ligi ya Mabingwa. Mwanawe mwingine, Victor, alitoka Celtic kwenda Southampton 2013 kwa pauni milioni 12.5 kama ilivyoripotiwa. Nyumba moja hiyo. Sijui nani alikuwa bora kati ya baba na watoto, hiyo bishaneni wenyewe. Najua tu watoto walivuka mpaka.

Na hapa kuna kitu sikuwa najua. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inagawiwa timu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Miaka ile minne ya mwanzo, 12 hadi 15, inabeba asilimia moja ya bei yote. Kwa pauni milioni 12.5 hiyo ni pauni 125,000, zaidi ya shilingi milioni 15 za wakati huo. Kwa timu za watoto! Lakini ili uzidai lazima uonyeshe karatasi: mtoto alisajiliwa kwako, tarehe hii mpaka hii. Sasa niambie, timu ya mtaa wako ina daftari?

Hata si lazima Ulaya. Joash Onyango alitoka Gor akaenda Simba 2020. Duke Abuya yuko Yanga. Mwaka 2021 Azam walisaini na Watanzania mkataba wa kuonyesha ligi wa shilingi zao bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Ndio maana mtu anavuka Namanga na miguu ile ile na thamani inabadilika upande wa pili wa geti.

Nirudi kwa milioni ya Rais. Baada ya Morocco dau likapanda, ikawa milioni mbili na nusu kwa kila mchezaji tukipiga Zambia. Tukapiga Zambia, Ogam tena. Kwa hesabu ya ahadi hiyo ni milioni tano kila mtu kwa makundi tu. Robo fainali ikaongezewa nyumba, tukatolewa na Madagascar kwa penalti. Kuna watu walisema ni pesa nyingi sana. Mimi sisemi hivyo. Kasarani ilijaa mpaka CAF ikalazimisha idadi ya mashabiki ipunguzwe hadi 27,000. Kwa mara moja tulikuwa na kitu ambacho Scully angeweza kuhesabu: tiketi, TV, ushindi. Pengine wale vijana walistahili zaidi ya hapo. Lakini hakuna aliyehesabu. Kiwango kilitoka kinywani, kikapandishwa kinywani, na mechi zilipoisha kila mchezaji alirudi kwa klabu yake na mkataba ule ule. Ogam angalau alipata Wolfsberger kule Austria.

Ndio maana nilimjibu Tisa, wiki kadhaa baadaye, kwamba si ya goli na si lazima iwe ya kura. Ni ya mkono wa anayetoa. Ni kama ile 500 mheshimiwa anaangushia timu wakati wa mashindano, ila ina sufuri nyingi.

Akasema, "Sawa, professor. Sasa nisaidie na barua." Mimi niliacha chuo mwaka wa pili lakini kwa steji bado ni professor.

Kuna timu nyingine inamtaka. Ya sasa inasema alete 30,000 ndio apewe barua ya kuachiliwa, na wakati huo huo wao wanadaiwa naye miezi mitano. Mamake anamuuliza kila jioni, "Papa, huo mpira utalipa lini?" Kwa hivyo tulikaa juu ya boda yake tukaandika. Kichwa cha barua, tarehe, jina lake kamili. Tukafika pahali pa kusema amefanya nini, nikamuuliza amefunga mangapi msimu huu. Akasema kumi na moja. Nikamuuliza imeandikwa wapi. Akanyamaza, halafu akachukua simu akaanza kutafuta picha za ripoti za marefa, moja moja, zingine zimekatwa nusu. Tulipata tisa.

Tukaandika tisa. Jumatatu aliipeleka ofisini, akapiga picha ya muhuri wa kupokelewa akanitumia. Dirisha la usajili bado liko wazi.