Akaunti ya msimamizi: Ufunguo wa kompyuta usiofaa kugawiwa kila mtu

KATIKA miji ya Geita, Katoro, Kahama na Shinyanga, si ajabu kompyuta moja ya nyumbani kuhudumia familia nzima. Baba hutunza humo hesabu za kununua na kuuza dhahabu, mama huandika mapato ya duka, na watoto huitumia kwa masomo na michezo. Mara nyingi wote huingia kwa akaunti moja, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Akaunti ya msimamizi ni ile yenye mamlaka yote juu ya kompyuta. Mwenye akaunti hiyo anaweza kuweka au kuondoa programu, kubadili nywila za wengine na kufungua mafaili yao. Akaunti ya kawaida humruhusu mtumiaji kuandika, kusoma na kutumia intaneti, lakini haimruhusu kugusa mfumo wenyewe.

Windows XP ilipotolewa mwaka 2001, akaunti zilizofunguliwa wakati wa kuweka toleo lake la nyumbani zilikuwa za msimamizi. Virusi vilivyoingia kwa diski au flashi vilipata mamlaka yale yale ya aliyekuwa akiitumia. Kuanzia Windows Vista, iliyoingia sokoni Januari 2007, kompyuta huomba idhini kabla ya mabadiliko makubwa kufanyika.

Jinsi ya kufungua akaunti

Katika Windows 10 na 11, akaunti ya kwanza kufunguliwa huwa ya msimamizi. Mwenye kompyuta huingia kwa akaunti hiyo, hufungua Mipangilio, kisha sehemu ya Akaunti, na kuongeza mtumiaji mwingine. Akaunti mpya huwa ya kawaida hadi msimamizi atakapoamua kuibadili aina.

Utaratibu ulio salama ni kuwa na akaunti ya msimamizi inayotumika kwa nadra, na kila mwanafamilia, akiwamo mwenye kompyuta, kupewa akaunti yake ya kawaida kwa kazi za kila siku. Programu mpya ikihitajika, kompyuta huomba nywila ya msimamizi. Mtoto akichomeka flashi yenye mchezo usiojulikana, ombi hilo humpa mzazi nafasi ya kukataa.

Hata hivyo, akaunti ya kawaida si kinga kamili. Virusi vinaweza bado kuharibu mafaili ya mtumiaji aliyevifungua. Hivyo nakala ya hesabu na picha muhimu huhifadhiwa kwenye diski ya nje, ambayo huchomolewa baada ya kunakili.

Kompyuta iliyotumika

Anayenunua kompyuta iliyokwisha kutumika anapaswa kuhakikisha kwamba akaunti za mwenye mali wa awali zimeondolewa. Njia bora ni kuweka mfumo upya. Fundi akimaliza kazi, nywila aliyopewa hubadilishwa siku hiyo hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila idhini, lakini sheria hairudishi siri iliyokwisha kuvuja.

Nywila ikipotea

Hatari nyingine ni nywila kujulikana na mtu mmoja tu. Baba akiwa zamu mgodini, au akifariki dunia, familia inaweza kukosa hesabu za madeni na malipo ambazo hazipo kwenye daftari lolote. Kwa sababu hiyo, inafaa watu wazima wawili wanaoaminiana wawe na akaunti za msimamizi, kila mmoja na nywila yake, au nywila iandikwe kwenye karatasi na kufungiwa pamoja na hati za nyumba.

Karatasi hiyo haibandikwi kwenye kioo cha kompyuta. Ufunguo wa sanduku la fedha hauachwi juu ya sanduku lenyewe.