Kusoma kwa masikio bondeni Rukwa: historia ya kilichomo ndani ya kifaa

Kifaa cha kusomea kwa masikio ni chombo kinachomwezesha mtu asiyeona, mwenye uoni hafifu au asiyejua maandishi kusikiliza kitabu, kukisimamisha anapotaka, kurudi nyuma, na kesho yake kuendelea pale alipoishia. Uwezo huo wa kurudi na kuendelea ndio unaokitenga na redio. Historia yake huandikwa kwa kufuata maabara za Ulaya na Marekani, kana kwamba kila hatua ilikuwa mbele ya iliyotangulia. Kwa msikilizaji wa Galula haikuwa hivyo kila mara.

Galula iko kwenye sakafu ya bonde la Rukwa, kando ya mto Songwe unaomwaga maji yake ziwani, katika wilaya ya Songwe. Mkoa wa Songwe wenyewe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa, na mji wake wenye pilika zaidi ni Tunduma mpakani mwa Zambia. Bondeni kuna joto na vumbi kiangazi, tope masika. Kibungu, Kisafwa na Kinyiha husikika katika eneo hilo pamoja na Kiswahili. Kwa mazingira ya namna hii, anayeunda kifaa huanza na maswali mawili: kitakula umeme kiasi gani, na kikifa nani atakifungua.

Wazo ni la zamani kuliko chombo. Thomas Edison alipoorodhesha mwaka 1878 matumizi ya fonografu yake, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, vitabu vya kusikiliza kwa wasioona viliwekwa katika nafasi ya pili. Ilichukua zaidi ya nusu karne wazo hilo litimie. Marekani ilianza kutoa vitabu vya santuri kwa wasioona mwaka 1934, Uingereza mwaka 1935. Santuri za Uingereza zilizungushwa taratibu, mara 24 kwa dakika, ili kila upande ubebe dakika 25 hivi za usomaji. Riwaya ya kawaida ilihitaji rundo la santuri kama kumi. Aliyekatiza kusoma alipaswa kukumbuka mwenyewe ni santuri ya ngapi na sindano ilikuwa wapi. Ilikuwa hazina kwa mji wenye umeme na posta ya uhakika.

Kwa watu wa upande huu, babu wa kweli wa kifaa hiki ni redio, tena redio iliyozaliwa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Mwaka 1949 Harry Franklin, mkurugenzi wa habari wa serikali ya Rhodesia ya Kaskazini, alifanikiwa kuishawishi kampuni ya betri ya Ever Ready itengeneze redio ya bei ndogo kwa wasikilizaji Waafrika. Gamba lake lilikuwa sufuria ya alumini ya inchi 9, iliyopakwa rangi ya buluu, na hapo ndipo lilipotoka jina lake la redio ya sufuria. Ndani mlikuwa na valvu 4 za kutumia umeme kidogo. Redio iliuzwa kwa paundi 5, na betri yake, iliyodumu takriban saa 300, kwa paundi 1 na shilingi 5. Betri moja, basi, ilikuwa robo ya bei ya redio nzima. Uwiano huo ni wa kukumbukwa na yeyote anayeunda chombo kwa ajili ya kijiji: gharama ya kununua hulipwa mara moja, ya umeme hulipwa maisha yote. Na alumini hailiwi na mchwa.

Mawimbi ya masafa mafupi hayasimami forodhani, lakini Tanganyika nayo ilikuwa na sauti yake tangu 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo. Transista zilipochukua nafasi ya valvu, betri ndogo za kawaida zikatosha. Kiwanda cha Philips kule Arusha na cha Matsushita Dar es Salaam, kilichotoa bidhaa kwa jina la National, vikaifanya redio kuwa kitu cha dukani. Kilele cha usomaji wa kusikiliza kilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi nchi nzima. Redio ilisema, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu kwa sauti, kisha watu wakajadili na kwenda kuchimba vyoo. Kwa msamiati wa leo, kiongozi yule ndiye aliyekuwa sehemu ya kifaa inayokumbuka mahali na kurudia sentensi; redio haikuweza.

Wasioona wakati huo walikuwa wakipata elimu kwa njia ya nukta nundu. Shule ya Buigiri mkoani Dodoma ilifunguliwa mwaka 1950, ikafuatwa na Furaha ya Tabora na Irente ya Lushoto mwanzoni mwa miaka ya 1960. Chama chao cha kitaifa kiliundwa mwaka 1964. Nukta nundu ina fadhila ambayo chombo chochote cha sauti hakijaifikia, yaani mtu huona tahajia na huandika mwenyewe. Lakini kitabu kimoja cha kawaida hugeuka majuzuu kadhaa mazito, na kuyasafirisha hadi kijiji cha mbali na shule ni kazi.

Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, ndiyo iliyobadili mambo, na sifa zake hazijathaminiwa vya kutosha. Ilikuwa ya bei nafuu, ilirekodiwa na mtu yeyote mwenye redio kaseti, na kila fundi alijua kuifungua. Kubwa zaidi, ilikumbuka mahali bila umeme wowote: mkanda ulibaki palepale ulipoachwa, hata kama betri zilitolewa kwa mwezi mzima. Msikilizaji aliyetaka kuokoa betri aliurudisha mkanda kwa kalamu. Vitufe vyake vilikuwa vikubwa, vyenye mlio na mahali maalumu, hivi kwamba asiyeona alivijua baada ya kupapasa mara moja. Vumbi na joto ndivyo vilivyokuwa adui zake: mkanda ulinyooka, ukanaswa, ukakatika.

Njia nyingine ilipitia makanisani, na Galula, kituo cha zamani cha Mapadri Weupe, ni mahali ambapo kusomewa kwa sauti ni desturi ya vizazi. Shirika la Gospel Recordings, lililoanzishwa Marekani mwaka 1939 na Joy Ridderhof, lilisambaza rekodi za lugha ndogondogo pamoja na vyombo vya ajabu, kikiwamo kicheza santuri cha kadibodi iliyokunjwa, kisicho na betri wala mota, ambacho santuri yake ilizungushwa kwa kijiti mkononi. Baadaye kikaja Proclaimer, kisanduku chenye chipu ya kumbukumbu, paneli ndogo ya sola na mkono wa kuzungusha, kilichobeba Agano Jipya zima katika lugha moja. Vyombo hivyo vilijibu swali la umeme vizuri kuliko vya maktaba za nchi tajiri. Udhaifu wa Proclaimer ni kuwa msikilizaji hupokea kilichowekwa na mtoaji, hana nafasi ya kuweka kitabu chake.

Maktaba zile zilikuwa zikifuata mkondo mwingine. Wasweden walianza mwaka 1988 kutafuta namna ya kuweka kitabu cha sauti kwenye mfumo wa kidijitali wenye sura, kurasa na alama, na mwaka 1996 likaundwa shirika la kimataifa la DAISY. CD moja iliweza kubeba zaidi ya saa 40 za usomaji, na msikilizaji akaruka kutoka sura hadi sura. Vicheza-DAISY vya Kanada na Japani ni vizuri kwelikweli, ila bei yake ni ya taasisi.

Ndipo wakaingia mafundi wa nyumbani. Mwishoni mwa 2001 wapenzi wa vicheza-muziki vya Archos walianza kuandika programu huria ya Rockbox, na baada ya miaka michache menyu zake zikaweza kusema. Asiyeona aliweza kuchukua iPod ya zamani au Sansa iliyouzwa kwa muziki, akabadilisha programu, akapata kifaa kinachotaja jina la kila faili na kukumbuka alipoishia. Bado ni moja ya njia za busara kuliko zote, kwa kuwa betri, vitufe na gamba tayari vipo.

Anayejenga tangu mwanzo ana njia kuu tatu, na kila moja ina kilema chake. Ya kwanza ni kuunganisha chipu ndogo ya Arduino, ubao uliotoka Italia mwaka 2005, na kijimoduli cha DFPlayer Mini, ambacho husoma kadi ya memori hadi GB 32, kina kikuza sauti cha wati 3 na huwaka papo hapo. Usomaji wa mtu mmoja ukibanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde hula megabaiti 14 na kidogo kwa saa. Kadi hiyo, basi, hubeba zaidi ya saa 2,000. Lakini moduli hiyo ikizimwa haiwezi kuanza katikati ya faili. Kile ambacho kaseti ilikifanya bure hapa lazima kijengwe upya: kitabu hukatwa vipande vya dakika mbili tatu, na namba ya kipande cha mwisho huandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya Arduino, ambayo kwa chipu ya ATmega328 ni kilobaiti 1 tu na inavumilia maandiko kama 100,000 kwa kila seli. Inatosha kabisa.

Ya pili ni Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi iliyotoka Uingereza Februari 2012 kwa dola 35, ikafuatwa na Pi Zero ya dola 5 mwaka 2015 na Zero 2 W ya dola 15 mwaka 2021. Hii inaweza kusoma DAISY, kuharakisha sauti, kupiga picha ya ukurasa na kuugeuza maneno. Ila huchukua makumi ya sekunde kuwaka, aina zake nyingi hazina kitufe cha kuzimia, na umeme ukikatika ghafla kadi yake huweza kuharibika. Pi za awali zilikuwa pia na sauti duni kwenye tundu la vipokea sauti, na Pi Zero haina tundu hilo kabisa.

Ya tatu ni ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyotoka mwaka 2016, ikiunganishwa na kikuza sauti cha kidijitali kama MAX98357. Ina nguvu ya kufungua MP3 yenyewe, huanza popote ndani ya faili, na ikilala hula mikroampea chache, yaani huweza kubaki na chaji kwa wiki nyingi kabatini. Kwa kijiji kinachotegemea sola, hii ndiyo yenye hesabu nzuri zaidi. Betri ya lithiamu inayoiendesha haipendi kuchajiwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, kwa hiyo kifaa kikae kivulini na waya ndio upande juu ya bati hadi kwenye paneli.

Uamuzi kati ya hizo hutegemea jambo moja ambalo wajenzi wengi hulichelewesha: je, kifaa kitacheza sauti ya mtu iliyorekodiwa, au kitageuza maandishi kuwa sauti chenyewe? Kwa Kiswahili njia zote zipo. Tahajia yake hufuata matamshi na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo hata programu ndogo ya eSpeak inakisoma kwa kueleweka. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza mfumo wake wa sauti ya Kiswahili kufikia 2005, na miongoni mwa sauti za Piper, programu ya 2023 inayofanya kazi kwenye Raspberry Pi bila intaneti, mna ya Kiswahili cha Kongo. Zinazoleta shida ni tarakimu: "watu 3" na "vitabu 3" husomwa kwa viambishi tofauti, na mashine isiyojua ngeli hutoa sentensi ya kuchekesha. Kwa Kibungu au Kinyiha, njia iliyo ya uhakika ni mtu kukaa mbele ya kinasa sauti. Aliyeamua hivyo hahitaji kompyuta kama Raspberry Pi. Anahitaji kicheza-faili chenye kumbukumbu nzuri, vitufe vitano vya kupapasika na kirungu cha sauti.

Sheria nayo imekuja nyuma ya mafundi. Tanzania iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na mwaka 2020 ikajiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013. Mkataba huo unaruhusu kutengeneza nakala za vitabu zinazofikika kwa wasioona, na kuzipitisha mipakani kupitia taasisi zilizoidhinishwa, bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki kila mara. Kwa mji kama Tunduma maana yake ni kwamba rekodi halali iliyofanywa Zambia, ikiwa nchi hiyo nayo ni mwanachama, inaweza kuvuka kihalali.

Uhaba wa chipu duniani wa 2021 na 2022 uliifanya Raspberry Pi iadimike na kuuzwa kwa bei za ulanguzi, na wajenzi wengi wakahamia ESP32 au simu za mkononi zilizotumika. Simu janja ya zamani ina kila kitu, ikiwamo TalkBack, kisoma-skrini cha Android kilichoanza 2009. Ilichokosa ni vitufe, na kioo kitupu humchosha mzee ambaye vidole vyake vimezoea redio kaseti. Baadhi ya mafundi huimaliza tofauti hiyo kwa kuunganisha simu na kibodi ndogo ya namba, wengine kwa kuchukua gamba la redio kaseti iliyokufa, lenye spika na vitufe vyake, na kulehemu saketi mpya ndani yake.