Batobato ya Muhogo na Mpaka wa Spishi

Mwaka 1894 Mjerumani Warburg aliandika habari za mihogo ya Usambara yenye majani yaliyojikunja. Sisi wa Tanga ugonjwa huo twauita batobato: jani hutoka mabaka ya njano, hupinda, na chini mizizi hudumaa. Maabarani nimekuwa nikiyasaga majani hayo kutafuta kirusi kilichomo, na historia yake imenifunza kutoamini haraka jina liandikwalo kwenye fomu.

Katika kituo cha utafiti cha Amani, watafiti Storey na Nichols walieleza mwaka 1938 jinsi nzi weupe wanavyoeneza batobato. Walitenganisha pia batobato kali na nyepesi, kwa kuutazama mmea tu.

Miaka ya 1970 huko Kenya, mtafiti Bock na wenzake walipaka utomvu wa muhogo kwenye majani ya mimea ya jamii ya tumbaku. Utomvu kutoka magharibi mwa nchi uliambukiza. Wa pwani ukagoma, ingawa mihogo ya huko ilikuwa na batobato ya wazi. Basi ikawa vigumu kusema kirusi kilichomo katika utomvu wa magharibi ndicho chanzo. Mwaka 1983 Bock na Woods wakakirudisha kwenye muhogo, na batobato ikatokea. Miaka kumi baadaye vinasaba vilifumbua fumbo: pwani kulikuwa na spishi iitwayo kirusi cha Afrika Mashariki, na magharibi nyingine iitwayo kirusi cha Afrika.

Wakati huohuo Uganda ilikuwa imevamiwa na batobato kali, hata wakulima wa wilaya nyingi wakaacha kupanda muhogo. Kipimo cha kingamwili kilionyesha kirusi cha Afrika. Vinasaba vilivyochapishwa mwaka 1997 vilieleza mengine: ni kirusi cha Afrika Mashariki, ila katikati ya jeni ya ganda lake pamepachikwa kipande cha kirusi cha Afrika. Kingamwili hutambua ganda, kwa hiyo zilisoma kipande hicho zikatoa jina lisilo lake. Virusi viwili vikikutana ndani ya mmea mmoja, huweza kubadilishana vipande namna hiyo.

Leo kanuni ya kimataifa yasema virusi vya kundi hili vikifanana asilimia 91 au zaidi katika duara zima la DNA-A, moja ya sehemu mbili za jenomu yao, ni spishi moja. Hivyo kile cha Uganda kimewekwa kuwa aina ya kirusi cha Afrika Mashariki. Naiunga mkono kanuni hiyo, maana pasipo mpaka mmoja kila maabara ingebatiza virusi vyake. Lakini asilimia hupima undugu, haipimi ukali. Mkaguzi wa pingili za kupandwa anayeandika jina la spishi peke yake amemnyima mkulima habari anayoihitaji kabla ya kupanda. Aandike na aina.