Bashrafu: Muziki Unaotangulia Ukumbini Uliochelewa Kuingia Kwenye Santuri

Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia inayotazamana na delta ya Rufiji, imebeba mabaki ya mji wa Waswahili uliostawi katika karne za kati, ambao sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick, ambaye taarifa yake ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1961, ulionyesha kuwa wakazi wake walishiriki katika biashara iliyoiunganisha Mafia na Kilwa, Ghuba ya Uajemi na hata Uchina, kwa kuwa vigae vya vyombo na sarafu vilibaki ardhini vikisubiri kufukuliwa. Muziki wa mji huo haukuacha kitu cha kufukua. Kuhusu ala za miji ya pwani katika zama za kale, mtafiti hulazimika kutegemea maelezo ya wageni, kama yale ya Wareno waliofika Malindi mwaka 1498 na kuandika kwamba mbele ya mfalme zilipulizwa siwa mbili za pembe za ndovu, zilizonakshiwa na zenye urefu wa mtu, zenye tundu la kupulizia ubavuni. Maelezo hayo yanatosha kumwezesha msomaji kuzichora siwa hizo, lakini hayamwezeshi kusikia hata pumzi moja iliyopita ndani yake.

Kwa hiyo historia ya muziki wa ala wa pwani, kwa maana ya muziki unaoweza kusikilizwa tena, inaanza na santuri, na mwanzo wenyewe una upungufu mkubwa. Pengo hilo linahusu bashrafu, yaani kipande cha ala tupu kinachopigwa na okestra nzima ya taarabu kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na ambacho kwa nafasi yake kinalingana na utangulizi wa opera huko Ulaya, ule muziki unaopigwa na okestra kabla pazia halijafunguliwa. Kipande kinachotangulia katika kila hafla rasmi ya taarabu ndicho kilichokuja nyuma kabisa katika rekodi, na sababu zake zinaeleza mengi kuhusu santuri zenyewe na kuhusu masikio ya wanunuzi wake.

Bashrafu ilifika pwani kwa njia ya kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, wakati Mafia bado ikiwa sehemu ya milki ya Zanzibar, alimpeleka Cairo kijana wa Zanzibar aitwaye Mohamed bin Ibrahim akajifunze kupiga ganuni, ala ya nyuzi zaidi ya 70 inayolazwa mapajani na kudonolewa kwa vidole vilivyovalishwa pete zenye kucha za kupigia. Aliporejea, aliwafundisha wengine na muziki wa mtindo wa Misri ukapigwa mbele ya Sultani. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama cha Nadi Ikhwani Safaa, ambacho kipo mpaka leo, na kwa hatua hiyo muziki wa kasri ukapata makao nje ya kasri. Pamoja na udi, ganuni, nai na fidla kulikuja utaratibu mzima wa hafla, ambao bashrafu ilikuwa mlango wake.

Umbo la kipande hiki linafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndilo lililokigombanisha na santuri. Bashrafu ilitengenezwa katika muziki wa Kiosmani, ambako watunzi kama Tatyos Efendi wa Istanbul, aliyefariki mwaka 1913, waliiandikia kazi zilizosambaa hadi Misri na nchi za Kiarabu. Kwa kawaida huwa na sehemu nne ziitwazo khana, na baada ya kila khana hurudi kipande kilekile kiitwacho taslimu, ambacho msikilizaji hukitambua kama mtu anavyotambua kiitikio cha wimbo. Kila khana huupeleka muziki mahali papya, mara nyingi kwa kuhama kutoka maqamu moja kwenda nyingine, maqamu ikiwa ni mpangilio wa sauti wenye tabia yake, wakati mwingine wenye nafasi ndogo kuliko zile zinazopatikana katika vibao vya piano; kisha taslimu huurejesha nyumbani. Midundo yake nayo ni mirefu: samai, ambayo ni ndugu wa karibu wa bashrafu, huhesabiwa kwa mapigo 10, na baadhi ya bashrafu hutumia mizunguko ya mapigo mengi zaidi ya hayo. Raha ya muziki wa namna hii inatokana na kurudi, na kurudi kunahitaji muda. Anayesikia taslimu mara moja tu hajaisikia, kwa sababu uzito wake unajengeka pale inaporudi mara ya tatu na ya nne baada ya safari ya mbali.

Santuri za mwanzo hazikuwa na muda huo. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ulibeba takriban dakika 3, na sahani ya inchi 12 ilizidi kidogo dakika 4. Tatizo hilo liliwakabili Wazungu pia, na namna walivyolikabili inafundisha. Arthur Nikisch, kiongozi wa okestra, yaani mtu asimamaye mbele ya wapigaji na kuongoza mwendo na nguvu ya muziki kwa kijiti, alirekodi Simfoni ya Tano ya Beethoven pamoja na okestra ya Berlin Philharmonic mnamo Novemba 1913, na kazi hiyo moja ilibidi ikatwe na kuenea katika pande 8. Ni miongoni mwa rekodi za mapema kabisa za simfoni nzima, simfoni ikiwa ni utungo mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, kwa desturi nne. Wakati huo maikrofoni haikuwa ikitumika kurekodi. Wapigaji walibanana mbele ya pembe la chuma lililokusanya sauti na kuitikisa sindano iliyochora nta, na ala za besi, ambazo pembe halikuzisikia vizuri, mara nyingi zilisaidiwa au kubadilishwa na tuba. Katika miaka hiyohiyo, 1913 na 1914, Nikisch alirekodi na London Symphony Orchestra tangulizi za opera za Weber na Mozart, zikiwemo za Der Freischütz, Oberon na Le nozze di Figaro, na hapo kazi ilikuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa utangulizi kama ule wa Figaro unamalizika kwa takriban dakika 4. Ufupi wa sahani uliufanya utangulizi wa opera kuwa bidhaa nzuri ya dukani kuliko simfoni, kiasi kwamba watu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga jumba la opera waliijua milango yake bila kuvijua vyumba vyake.

Katika pwani ya Waswahili mambo yalikwenda kinyume, na kampuni iliyohusika ilikuwa ileile iliyomrekodi Nikisch. Mwaka 1928 His Master's Voice ilimrekodi Bombay Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, akiwa na wenzake, miongoni mwao Subeit bin Ambari, Buda bin Mwendo na Mbaruku, na rekodi hizo zilipofika Afrika Mashariki zikauzwa kwa maelfu. Wakati huo maikrofoni ilikuwa imeshachukua nafasi ya pembe, lakini urefu wa sahani ulikuwa haujabadilika. Kundi lilikuwa dogo, na rekodi zilizomjengea Siti jina ni za nyimbo, ambazo ndani yake ala hupewa nafasi fupi ya kufungua njia kisha sauti huingia. Hilo lilikuwa na busara yake. Aliyenunua santuri ya Siti alinunua maneno ya Kiswahili yaliyoimbwa na mtu wa kwao kuhusu mambo ya kwao, jambo ambalo santuri za Cairo, hata zikiwa nzuri namna gani, hazikuweza kumpa. Dakika 3 zikitumika kwa beti, beti kadhaa hupatikana; zikitumika kwa bashrafu, hupatikana khana moja au mbili na taslimu isiyotimiza kazi yake.

Sababu ya pili imo ukumbini. Katika taarabu msikilizaji anayeguswa na ubeti husimama, akaenda mbele na kumtunza mwimbaji kwa fedha, na kwa kitendo hicho huwaambia waliohudhuria kwamba maneno yale yamemhusu yeye au yanamhusu fulani. Bashrafu haina maneno, kwa hiyo haina wa kumhusu. Husikilizwa watu wakiwa wamekaa, wengine wakiwa bado wanaingia na kutafuta viti, na hakuna anayeinuka. Mfanyabiashara wa santuri aliyetazama ukumbi huo kwa jicho la duka hakuwa na sababu ya kuwekeza katika kipande kisichotunzwa, na ni vigumu kumlaumu, ingawa hasara iliyotokana na hesabu yake ni ya kweli: namna okestra za Zanzibar zilivyopiga bashrafu katika miaka ya 1910 na 1920, vizazi vya baadaye vimebaki kuikisia tu.

Mwaka 1932 Mfalme Fuad wa Misri aliitisha Cairo kongamano la muziki wa Kiarabu, lililohudhuriwa na watunzi wa Ulaya kama Béla Bartók na Paul Hindemith, na ambapo vikundi kutoka Misri, Iraki na nchi za Maghrebi vilirekodiwa kwa ajili ya utafiti. Pwani ya Afrika Mashariki haikuwemo. Hata hivyo Misri iliendelea kuingia Zanzibar kwa santuri na kwa filamu, na okestra kubwa ambazo Mohammed Abdel Wahab na Umm Kulthum waliimba nazo, zenye safu za fidla, chelo na besi, ziliwapa wanamuziki wa Unguja kipimo kipya. Kundi dogo la enzi ya Siti likapisha okestra yenye fidla nyingi, akordioni na chelo, na bashrafu, ambayo katika kundi dogo husikika kama mazungumzo ya watu wachache, ikapata upana iliouhitaji.

Redio ndiyo iliyoipa bashrafu nafasi ya kwanza ya kweli. Utepe wa sumaku haukuwa na mpaka wa dakika 3, na kituo cha Sauti ya Unguja, kilichoanza miaka ya mwanzo ya 1950, kilihitaji muziki wa kujaza vipindi, ukiwemo wa ala tupu unaofaa kutangulia habari au kuunganisha kipindi kimoja na kingine. Masafa ya redio hayakuishia Unguja, na kwa wasikilizaji wa visiwa na vijiji vya mwambao vilivyokuwa mbali na kumbi za mjini, bashrafu ikawa sauti ya redio.

Santuri ndefu, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948 na iliyobeba zaidi ya dakika 20 kwa kila upande, iliwawezesha viongozi wa okestra wa Ulaya kurekodi simfoni bila kuzikata vipande, hata Herbert von Karajan akazirekodi simfoni zote 9 za Beethoven huko Berlin mwaka 1961 na 1962 zikauzwa kama seti moja. Taarabu ya Zanzibar haikupata neema hiyo kwa wakati wake. Mnamo mwaka 1988 ndipo kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilipokwenda Zanzibar kurekodi Ikhwani Safaa pamoja na Culture Musical Club, chama kilichoanza mwaka 1958, na kuanza kutoa mfululizo wa albamu zilizozipa nyimbo urefu wake wa ukumbini. Bashrafu ilisubiri tena. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa albamu ya Culture Musical Club yenye jina Bashraf, ambayo yote ni muziki wa ala, miaka 72 baada ya safari ya Siti Bombay.

Albamu hiyo inastahili kusikilizwa kwa makini kuliko inavyosikilizwa. Ndani yake ganuni husikika ikitangulia nusu ya pumzi kabla ya fidla, kisha fidla hupiga mkondo uleule kila moja kwa nakshi zake, kiasi kwamba sauti inakuwa pana bila kuwa nzito, wakati dumbaki na rika zikiweka mapigo bila kuyapigia kelele. Hakuna anayesimama mbele na kijiti. Okestra ya taarabu huongozwa kutoka ndani, na mpigaji ambaye wenzake humtazama, mara nyingi mwenye fidla au ganuni, huongoza kwa kichwa, kwa upinde au kwa namna anavyoingia. Kwa sababu hiyo majalada ya santuri na kaseti yamewataja waimbaji kwa herufi kubwa na kuwasahau viongozi, na jina la mtu kama Maalim Idd Abdalla Farhan, mtunzi na mwalimu wa Ikhwani Safaa aliyeandika pia kuhusu jinsi taarabu ilivyoingia Zanzibar, linajulikana kwa wanamuziki kuliko kwa wanunuzi. Nikisch anakumbukwa kwa rekodi ambazo hakupiga ndani yake hata noti moja. Viongozi wa Zanzibar, waliopiga na kuongoza kwa wakati mmoja, walipaswa kutajwa mara mbili.

Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kinachojulikana kwa kifupi kama DCMA, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimefundisha ganuni, udi na fidla kwa vijana ambao wengi wao hawakulelewa ndani ya vyama vya zamani. Rajab Suleiman, aliyepiga ganuni katika Culture Musical Club kabla ya kuunda kundi lake la Kithara, ameifanya ala hiyo isikike mbele badala ya nyuma ya mwimbaji. Kijana anayejifunza khana ya nne leo anaweza kuirudia rekodi mpaka vidole vyake vijue mahali ambapo mdundo hubadilika na taslimu ikaingia kwa mara ya mwisho.