UZI: "Tutapanga upya." Haya, mnapangua nini kwanza?

1/ Wadau, kila msimu wa siasa hili neno halikosi jukwaani: kupanga upya serikali, kupanga upya mipaka, kupanga upya mashamba. Watu wanapiga makofi. Mimi ni mtu wa Samburu, hii ya Kwale kwenye barabara ya Nairobi, si ile kaunti ya kaskazini. Kwetu neno hili limepita mara nyingi, kwa hivyo tulichambue taratibu.

2/ Kiswahili chenyewe kinatupa dokezo. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Panga, pangua. Huwezi kupanga upya kitu kilichokwisha pangwa bila kukipangua. Ndiyo maana magazeti, baraza la mawaziri likibadilishwa, huandika "apangua", "afumua" au "asuka upya". Kazi ni ile ile, ila mwandishi amechagua akuonyeshe upande upi. Aliyeko madarakani atasema amepanga upya. Aliyetolewa atasema amepanguliwa.

3/ Sasa historia. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ikiwa na katiba ya majimbo: majimbo 7, kila moja na bunge lake, mbali na eneo la Nairobi. Kwale ilikuwa chini ya jimbo la Pwani. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 12 Desemba 1964, nchi ikawa jamhuri na mamlaka ya majimbo yakafutwa. Wananchi waliambiwa ni kupanga upya ili nchi iwe moja. Kilichopanguliwa ni mamlaka ya watu wa mbali kuamua mambo yao.

4/ Yakabaki mabaraza ya kaunti (ya zamani, si kaunti za leo). Nayo yakafikiwa. Sheria ya mwaka 1969 ilihamisha shule za msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza hayo kwenda serikali kuu. Jina la baraza lilibaki, na madiwani pia. Kazi ndiyo iliyoondoka. Hapa tunajifunza kwamba unaweza kupangua kitu na ukaacha kibao chake mlangoni.

5/ Msidhani ni Kenya peke yake. Tanzania mwaka 1972 walitangaza "madaraka mikoani". Tamu sana masikioni, sivyo? Lakini mpango huo huo ndio uliofuta halmashauri zilizochaguliwa na wananchi, na maafisa wa serikali wakachukua nafasi. Ilibidi sheria za 1982 zizirudishe. Neno lilisema madaraka yanashuka. Aliyeshuka ni afisa.

6/ Katiba yetu ya 2010 ilirudi nyuma kwa makusudi. Kaunti 47, Kwale ikiwa nambari 002. Hospitali za kaunti, kilimo, maji na shule za chekechea zikawa kazi ya kaunti, na mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hapo ndipo neno "ugatuzi" likaingia vinywani mwa kila mtu. Tofauti na 1969 ni kwamba mara hii kazi na pesa ziliandikwa pamoja, tena ndani ya katiba.

7/ Sasa penye moto: ardhi. Huku Kinango kuna ranchi za kikundi, zilizotokana na sheria ya 1968. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliifuta ile ya 1968 na kuzitaka jamii zisajiliwe upya. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Kwa niaba, wadau. Si mali yake. Kwa hivyo mtu akija barazani akasema "tunapanga upya ardhi hii", uliza: imesajiliwa? Kwa jina la nani? Majina ya wanajamii yako wapi?

8/ Na mipaka je? Katiba inasema mipaka ya maeneobunge ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Iliyopo ni ya 2012, na muda ulipita Machi 2024 bila kupitiwa. Kinango ndilo eneobunge kubwa kuliko yote Kwale kwa ukubwa wa ardhi. Kwa mtu wa huku, kupanga upya mipaka kunaweza kumaanisha ofisi iliyo karibu, au wadi yako kukatwa katikati. Neno ni lile lile kwa yote mawili.

9/ Kwa hivyo msikatae kila mpango. 2010 ulikuwa mpango pia. Ila kabla ya makofi, maswali matatu:
— Kinapanguliwa nini, na kilikuwa cha nani?
— Kazi ikihamishwa, pesa inaenda nayo?
— Nimeandikwa wapi kwamba haki yangu inabaki?

10/ Mwisho, kumbukeni "kupanga" kuna maana nyingine tunayoijua vizuri sana Pwani: kulipia nyumba ya mtu. Anayepanga mipango ni mpangaji. Anayelipa kodi ya nyumba naye ni mpangaji. Usinyamaze wakipanga upya, halafu siku moja ukajikuta wewe ndiye mpangaji kwenye ardhi ya babu yako.