Texas 2008: Hillary Alipata Kura, Obama Akapata Wajumbe

Wasee, kampasi niliacha, lakini historia sijaacha. Leo turudi Machi 4, 2008. Hapa kwetu, mkataba wa Kibaki na Raila ulikuwa na siku tano tu tangu utiwe saini, na watu bado walikuwa kambini. Siku hiyo hiyo, huko Texas, mtoto wa baba Mkenya alikuwa anapimana nguvu na Hillary Clinton kwa mchujo wa chama cha Democratic.

Hillary alishinda kura. Karibu asilimia 51 kwa 47, tofauti ya kama kura laki moja. Lakini hesabu ya mwisho ya wajumbe ilipotoka: Obama 99, Hillary 94.

Aliibiwa? Zii. Tulia nikuonyeshe.

Kwa mchujo wa Marekani, kura yako inageuzwa kuwa wajumbe, na hao wajumbe ndio wanaenda kwa kongamano la chama kuteua mgombea wa urais. Texas ilikuwa na wajumbe 193 wa kugombaniwa, na chama kiliwagawa mafungu mawili.

Fungu la kwanza, wajumbe 126, lilifuata kura za mchana. Lakini hawakugawiwa kwa jumla ya jimbo. Waligawiwa kwa maeneo 31 ya seneti, na kila eneo lilipata kati ya wajumbe 2 na 8 kulingana na vile lilipigia Democratic kura chaguzi zilizopita. Austin, ngome ya Obama, ilikuwa na 8. Sehemu za mpakani na Mexico, ngome ya Hillary, zingine zilikuwa na 3 tu. Halafu cheki hii: eneo likiwa na wajumbe 4, ukishinda 55 kwa 45, mnagawana 2 kwa 2. Umemshinda mtu na mko sawa! Hillary akatoka hapo na 65, Obama 61.

Fungu la pili ndilo lilimmaliza. Wajumbe 67 walitokana na mikutano ya mitaa iliyoanza usiku huo huo, vituo vikishafungwa. Ukishapiga kura mchana, unarudi jioni, unajiandikisha upande wa mgombea wako. Ni halali kabisa. Watu wa Obama walikuwa wamejipanga, wakarudi kwa wingi. Mambo yalipokamilika kwenye mkutano wa jimbo mwezi wa sita, Obama alikuwa na 38, Hillary 29.

Ilikuwa haki? Mimi naona hapana. Mtu wa shifti ya usiku, au mama mwenye mtoto mchanga, angerudi aje? Kufikia 2016, Texas ilikuwa imeachana na huo mfumo. Lakini 2008 hiyo ndiyo ilikuwa sheria, iliandikwa mapema, na upande mmoja uliisoma vizuri kuliko mwingine.

Ndiyo maana hii stori inanikaa. Sisi vijana tunajua nani alivaa nini kwa mkutano wa kampeni, lakini uliza jinsi chama chako kinachagua mgombea, kimya. Hata urais hapa si kura nyingi tu. Lazima upite nusu ya kura zote, na uwe na robo ya kura kwa angalau kaunti 24.

Kabla upige kelele kuhusu matokeo, jua kwanza zinahesabiwa aje. Wanaojua sheria za mchezo wanategemea wewe usizijue.