Kususiana

Vijana wetu waliozaliwa huku ughaibuni huuliza kwa nini baadhi ya wazee wao walikaa miaka bila ya kusemezana. Haukuwa ugomvi wa mashamba wala mirathi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Zanzibar ilirejea desturi ya zama za siasa za kabla ya 1964: kususiana. Katika uchaguzi wa 1995 Dkt. Salmin Amour alitangazwa kwa asilimia 50.2, Maalim Seif 49.8. Baada ya hapo watu walisusiana maduka, harusi, hata maziko.

Ofisini nilikaa meza jirani na mtu niliyesoma naye chuoni kwa mwalimu mmoja. Tukapelekeana mafaili kwa mkono wa tarishi, hatua tatu tu. (Tarishi, maskini, ndiye aliyechoka.) Alipofiwa na mama yake, sikwenda.

Maridhiano ya Maalim Seif na Rais Amani Karume, Novemba 2009, yalinikuta ugenini. Nikampigia simu. Aliitikia salamu, kisha akauliza: "Mbona hukuja kuzika?" Nikamtaka radhi. Akanyamaza kitambo, halafu tukamsomea mama Fatiha, simu ikiwa sikioni.